Kifaa bandia kinachobaki baada ya jaribio la kerneli

Ndugu yangu wa Lamu, nimekuelewa: jaribio lako la kwanza la KUnit (zana ya kujaribu kerneli, yaani kiini cha Linux) likifeli, la pili nalo hugoma kwa -EEXIST, kosa la "tayari kipo", kwa kuwa jina la kifaa bandia lingali limeshikwa. Hapa Malindi tatizo hilo lilinisumbua siku tatu nzima.

Tazama mstari wa KUNIT_ASSERT. Sharti likivunjika hapo, jaribio hukatwa papo hapo, na usafi (kuondoa vilivyotengenezwa) ulioandikwa chini yake haufikiwi. Kwangu root_device_unregister, ya kukiondoa kifaa, ilikuwa mistari miwili tu chini!

Kama kerneli yako ni 6.8 au mpya zaidi, tumia kunit_device_register. Kifaa hujiondoa jaribio likiisha, hata likifeli. Kumbukumbu iombe kwa kunit_kzalloc, wala usiiachilie kwa kfree: KUnit huiachilia yenyewe, itaachiliwa mara mbili. Kwa mengine yote, sajili usafi wake kwa kunit_add_action_or_reset pale pale unapoyapata, usingoje. Usafi huenda kinyumenyume, kama kupakua jahazi gatini kwenu: mzigo uliopakiwa mwisho hutangulia kushuka. Basi katika kusajili kifaa kianze, vinavyokitegemea vifuate.

Tafadhali usipakie moduli za majaribio kwenye kompyuta ya kazi. Endesha kunit.py, skripti ya KUnit ambayo kwa kawaida huwasha kerneli kama programu tu, ikianguka hupotezi kitu. Washa na KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu. Ikiendelea kulalamikia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, waandikie watunzaji wa draiva unayoijaribu (programu inayoendesha kifaa) na uwabandikie ripoti nzima, usiikate.