Nafasi ya Kufunga Boti Dar: Usianzie Ofisini

Juma lililopita nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Tegeta. Kanunua boti ya faiba ya mita 7 kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, boti nzuri yenye injini mbili, na mpaka leo ipo juu ya trela nyuma ya nyumba. Kila anakopiga simu anaambiwa pamejaa. Ananiuliza, "Kaka, wewe ulipitia wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini kwa meseji ninazozipata naona mpo wengi mnaohangaika vivyo hivyo, kwa hiyo leo naeleza yote.

Nilipitia kwa watu wa majini. Ila kabla ya hapo nilianzia mnakoanzia wote, mezani. Boti yangu ni ya tanga, mita 9, mkuku wake, yaani uti wa chini ya boti, unashuka mita moja na robo majini. Nilikwenda sehemu moja inayofunga boti, jina nalihifadhi, nikiwa na bahasha ya nyaraka zote: cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), bima, picha za boti. Yule aliyekuwa mezani hakuifungua. Akasema orodha ya wanaosubiri ni ndefu, niache namba ya simu. Nikiwa bado nimesimama pale, akaingia mtu mwingine, wakaitana kwa majina, na kwa masikio yangu nikasikia akiahidiwa boya la kufungia boti, lile linaloshikwa chini kwa mnyororo na zege. Namba yangu iliandikwa nyuma ya karatasi ya hesabu ya vinywaji. Mpaka kesho haijapigwa. Jambo lile linaniuma hadi leo na sioni sababu ya kulificha.

Nikatoka nje nikasimama gatini. Mbele yangu palikuwa na maboya yaliyoota majani ya bahari, hayajaguswa na kamba siku nyingi, na boti ambazo maturubai yake yameoza juani. Pamejaa nini sasa? Hapo hapo nikakutana na mzee mmoja wa Mafia anayevusha watu kwa kidau kuwapeleka kwenye boti zao. Nikamwamkia, nikaketi naye kivulini, nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, wale wana majina daftarini. Minyororo ya chini tunaijua sisi."

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na kama hukusoma mwingine wowote huu ukutoshe: nenda kwa wavushaji, wapiga mbizi wanaokagua minyororo, walinzi wa usiku, na mafundi wa faiba. Wao ndio wanaojua nani kahama nchi, boti ya nani inauzwa, na boya lipi mwenyewe kaacha kulilipia. Nenda bila haraka. Ukifika unatupa maswali kama askari wa barabarani hutaambiwa kitu. Na nenda mwezi wa sita au wa saba, maana ndipo shule za kimataifa zinapofunga mwaka na mikataba ya wageni wengi inapokwisha. Watu wanauza boti kwa mkupuo. Ukinunua boti wakati huo uliza na boya lake, kwa sababu mara nyingi boya ni mali ya sehemu husika na halimfuati mnunuzi.

Yule mzee ndiye aliyenionyesha boya la mtu aliyehamia mkoani. Nikampata mwenyewe kwa simu, tukaelewana. Lakini kabla sijatoa hata shilingi nilisubiri bamvua, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea.

Nafasi ya boti inapimwa maji yakiwa yamekupwa, yaani yameshuka. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapa Dar kipindi hicho kupwa kubwa huwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Bamvua za mwezi wa tatu na wa tisa ndizo kali zaidi. Mahali ambapo saa kumi jioni unaona bahari tele, kesho yake saa nne wanapita akina mama wanaokusanya chaza. Boti ya injini isiyo na mkuku inaweza kukaa mchangani bila tabu, kama za wavuvi wa Kunduchi. Yangu ingelala ubavu. Nilikwenda na kidau na mti mrefu nilioutia alama, nikachomeka kulizunguka boya pande zote, kwa sababu boti huzunguka, na maji yakipungua mnyororo hulegea na duara lake hupanuka.

Halafu mpiga mbizi akauinua mnyororo. Juu ulikuwa mzima, umejaa magamba ya chaza. Pale unapoinukia kutoka mchangani, ambapo pete husuguana mchana na usiku, chuma kilikuwa kimeliwa kikabaki nusu ya unene wake. Tukabadilisha kipande chote. Uliza pia uzito wa zege lililo chini. Zege la tani 1 likishazama linabaki na uzito wa kama kilo 570, kwa hiyo hesabu ya nchi kavu itakudanganya.

Upepo nao. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi yake dhidi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa hiyo mwezi wa saba kila mahali hapo panaonekana pazuri. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inakuja mwezi wa kumi na mbili na kuendelea, na ghuba iko wazi upande huo. Basi nafasi uliyoipata Julai kaitazame tena Januari alasiri. Mimi nilifanya hivyo, na kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, usafiri wa majini ukasitishwa, boti yangu ilibaki palepale ilipofungwa. Najivunia hilo.

Wasomaji wa Kenya, ninyi Mungu kawapa mahori, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Kilifi na Mtwapa pamekingwa misimu yote. Wenye milingoti tu ndio waulize urefu wa nyaya za umeme na daraja kabla ya kuingia ndani ya hori. Daraja la Kilifi lipo tangu 1991 na halikujengwa kwa ajili ya matanga.

Na ninyi mnaoshikilia maboya kwa boti zilizokufa, nasema nanyi pia. Bahari hatukuiumba. Boti isiyotoka miaka nenda miaka rudi inamzuia mtoto wa mwenzako asijifunze tanga, inamkosesha mvushaji riziki yake, na siku kamba ikikatika itaangukia boti ya jirani. Uza, au ipandishe nchi kavu. Na vijana, msinunue kisirisiri nafasi ya mtu kwa kumhonga mlinzi. Heshima ya pwani inajengwa polepole na inapotea kwa usiku mmoja.

Mkikubaliana, andikianeni: nani anabadilisha mnyororo, kila baada ya muda gani, na nini kitatokea mwenye boya akirudi. Ambatanisha cheti chako, cha TASAC kwa bara au cha ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini) kwa Zanzibar, pamoja na bima inayofidia mali ya wengine. Mvushaji na mlinzi walipe kila mwezi kwa tarehe ile ile, na namba zao ziwe kwenye simu ya mkeo au mumeo pia, maana upepo ukibadilika usiku wao ndio watakaopiga kwanza.