Hija ya kwanza kwa miguu mkiwa wawili: Busia hadi Namugongo

Jioni ya siku ya nne, katika ukumbi wa kanisa mjini Iganga, mume wangu alivua kiatu cha mguu wa kulia nikaona soksi imeshikana na ngozi. Malengelenge yalimtoka siku ya pili, baada ya mvua kutunyeshea kabla ya kufika Bugiri. Siku mbili nzima alitembea pamoja nami akiitikia rozari kwa sauti ileile, na kila nilipomuuliza, "Baba Nekesa, uko sawa?" alijibu kwamba yuko sawa. Hakutaka kuniharibia hija, alisema.

Tangu turudi, wanandoa kadhaa wa jumuiya yetu wametuuliza jinsi ya kujiandaa. Wote huanza na viatu. Viatu nitavifikia. Ila kuna jambo ambalo mtu angetukalisha chini akatuambia kabla hatujafunga mabegi, tungeokoa machozi mengi: mkiwa wawili, mkubaliane nyumbani kuhusu miili yenu. Nani ana haki ya kusema tusimame. Maumivu yasemwe yakiwa madogo kiasi gani. Na mmoja akishindwa kabisa, mwingine aendelee au abaki? Maswali haya ukiyaacha yakungoje njiani, utayajibu ukiwa na njaa, jua la saa saba liko utosini na watu arobaini wanakusubiri.

Kwa asiyeijua njia, nieleze kidogo. Namugongo iko nje kidogo ya Kampala. Ndipo Karoli Lwanga na wenzake, Wakristo waliokataa kuiacha imani yao, walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wa imani wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana wanawakumbuka wao 23, kwa hiyo kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji wa makanisa yote mawili hufurika pale. Wengi hufika kwa miguu, kutoka pembe zote za Uganda na pia kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Sisi tunaishi Kakamega, tukaungana na kikundi kilichoanzia mpakani Busia tarehe 24 Mei. Kutoka pale ni karibu kilomita 200 kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Kikundi chetu kilizigawa kwa siku tisa.

Nirudi Iganga. Usiku ule ulikuwa wa tarehe 27 Mei, na katekista aliyetuongoza alitusomea habari za Gonzaga Gonza. Mashahidi wenyewe walitembezwa kutoka Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, hadi Namugongo wakiwa wamefungwa. Gonza, kijana mwenye asili ya Busoga, nchi hiyohiyo tuliyokuwa tumelala, minyororo ilimkata miguu hata akashindwa kuendelea, na wakamuua njiani tarehe kama hiyo. Katekista alipomaliza kusoma, Baba Nekesa akainama akaanza kufungua kamba za kiatu. Nadhani kusikia habari za miguu ya mtu mwingine ndiko kulikomlegeza. Mimi nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kutafuta maji ya uvuguvugu na chumvi.

Asubuhi kikundi kikaondoka bila sisi. Muuguzi wa zahanati alikisafisha kidonda, akampa dawa, akatuambia tupumzike siku mbili na akitembea tena avae viatu vya wazi, kidonda kifungwe upya kila jioni. Tulibaki Iganga siku moja, na kesho yake tukapanda matatu, ambayo kule wanaiita teksi, tukawakuta wenzetu Jinja. Ni kilomita kama arobaini tulizozipita tumekaa kitini. Mume wangu aliangalia nje ya dirisha njia nzima bila kusema neno. Aliona hija imebatilika. Tulimpigia simu paroko wetu, naye akatuambia twende Misa, tupande gari, na tusiungame kitu ambacho si dhambi. Kama mngekuwa mmeliongea suala hili sebuleni mwezi wa pili, kwamba mkiumwa mtapanda gari na hija itabaki hija, yule mwenye maumivu asingekuwa na sababu ya kuyaficha. Ndiyo maana nalisisitiza sana.

Sasa mazoezi. Tulianza Februari kwa kilomita nane kila Jumamosi, tukapanda hadi kumi na tano, na mwezi wa nne tukatoka Kakamega hadi Mumias, zaidi ya kilomita thelathini kwa siku moja. Tulijiona tumeiva. Kosa letu ni kwamba baada ya kila matembezi marefu tulilala Jumapili nzima. Mwili uliozoea kutembea sana mara moja kwa wiki haujui kuamka kesho yake na kutembea tena. Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya siku mbili mfululizo, hata kama ni kilomita kumi na tano tu kila siku, na mara moja au mbili iwe siku tatu. Tembeeni na mabegi yenyewe yakiwa na uzito kamili, na mtembee pamoja. Mume wangu alikuwa akienda peke yake jioni baada ya kazi, kwa mwendo wake wa haraka, na mimi asubuhi na jirani. Tulifika Busia kila mmoja ana mwendo wake, na siku ya kwanza yote yeye alikuwa akinitangulia mita mia mbili, anasimama, ananisubiri, na nikimfikia tu anaondoka tena. Yeye anapumzika, mimi sipumziki. Mkimweka mbele yule mwenye mwendo wa pole, tatizo hilo linaisha siku hiyohiyo. Sisi tulibadilishana nafasi siku ya pili asubuhi, na ndiyo ikawa asubuhi yetu tamu kuliko zote, hadi mvua ilipokuja.

Viatu: raba ulizozivaa miezi miwili au zaidi, kubwa kidogo kuliko kawaida yako kwa sababu mguu huvimba. Usiende na viatu vipya hata kama umepewa zawadi na mama mkwe. Soksi jozi nne, na ya tano kavu ndani ya mfuko wa nailoni, isiguswe mpaka mvua inyeshe. Mwisho wa Mei mvua za masika bado zinanyesha upande ule. Jipake vaselini kwenye vidole na kisigino kabla ya kuvaa soksi. Ukisikia sehemu ya mguu inawaka, simama hapohapo, vua kiatu, bandika plasta. Dakika tano. Lengelenge likijaa maji na likawa linakuzuia kukanyaga, litobolewe pembeni kwa sindano safi, ngozi ya juu iachwe, lifunikwe. Beba pia viatu vya wazi. Baba Nekesa aliimaliza hija kwa akala alizonunua sokoni Jinja, na miguu yake ilifika Namugongo ikiwa na hali nzuri kuliko yangu.

Kuhusu mabegi, sikilizeni hili vizuri, maana ni la wanandoa hasa. Nyumbani tuligawana mzigo kama tunavyogawana kazi: yeye abebe dawa, tochi, pesa na chaja, mimi nibebe chakula, sabuni na nguo za wote wawili. Hatukufikiria kwamba katika hija ya kikundi wanaume hulala upande wao na wanawake upande wao, wakati mwingine katika madarasa tofauti kabisa ya shule. Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma hadi alfajiri na vidonge viko kwa mume wangu, ng'ambo ya uwanja wenye giza, na tochi pia iko kwake. Yeye naye alilala na nguo zilizolowa jasho. Kila mtu awe na begi linalojitosheleza: tochi yake, dawa zake, kitambulisho chake, sehemu ya pesa, blanketi jepesi. Mwanamke abebe leso mbili. Leso utajifunika, utajisitiri kando ya njia pasipo na choo, utakalia, utajifutia. Na hata kama mahesabu yako yanaonyesha siku zako za mwezi hazitaangukia safarini, beba pedi, kwa sababu uchovu wa aina ile huvuruga mahesabu. Mzigo wote usizidi kilo tano au sita. Kama kikundi kina gari la mizigo, mshukuruni Mungu, lakini vitu vya usiku mmoja na vya mvua vibaki mgongoni.

Mpakani, sisi Wakenya tulivuka kwa kitambulisho. Ndugu zetu Watanzania waje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pesa tubadilishe kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa vijana wa barabarani. Kiswahili kitakusaidia Busia na vituo vya malori. Ukiingia ndani zaidi, jifunze angalau "mwebale", asanteni, kwa sababu watu watakupa maji, miwa na ndizi bila kukuuliza jina. Wanawaita mahujaji abalamazi, na neno hilo likiitwa kutoka upande wa pili wa barabara saa kumi alfajiri linakutia nguvu ajabu.

Alfajiri ndiyo saa ya kutembea. Tulikuwa tunaondoka saa kumi, na saa nne tuwe tumemaliza sehemu kubwa. Lakini giza lina hatari yake, kwani hii ndiyo barabara ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na kwingineko. Tembeeni upande wa kulia, magari yawe yanawajia usoni, mkivaa vizibao vya kung'aa. Na mfuatane. Najua mmekuja kama mume na mke na mnatamani kushikana mikono. Shikaneni mikono mkipumzika. Barabarani mmoja mbele, mwingine nyuma. Msitu wa Mabira, baada ya Jinja, upiteni mchana na kikundi chote. Kivuli chake ni baraka na pale Najjembe kuna nyama na kuku wa kuchoma, ila barabara ni nyembamba kwa wingi wa magari yanayopita.

Ni Mabira ndipo mume wangu aliponiambia nia yake ya hija. Ya kwangu alikuwa anaijua, nilimwombea mama yangu ambaye figo zilikuwa zinamsumbua. Yeye alikuwa amesema tu kwamba anaenda "kushukuru". Kumbe alikuwa anamwombea kaka yake ambaye hawajasemezana miaka sita, kwa ajili ya shamba. Sikumjibu kitu. Tuliongeza fumbo moja la rozari, basi. Wapo wenzi wanaotaka kila nia iwekwe mezani tangu mwanzo, na kama ninyi mko hivyo ni sawa. Mimi ningesema mwachie mwenzako chumba cha siri pale, na mkubaliane saa za kunyamaza. Sisi ilikuwa tangu kuondoka hadi jua kuchomoza. Ukinyamaza saa mbili kila siku nyuma ya mgongo wa mtu uliyeolewa naye, utaanza kumtazama upya: jinsi anavyoinamisha bega la kushoto, jinsi anavyoruka madimbwi.

Tulifika tarehe 1 Juni mchana. Fikeni mapema hivyo, au mapema zaidi, maana tarehe 2 jioni hakuna pa kuweka mguu. Basilika ni ya mviringo, imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, na nguzo zake 22 ni za mashahidi wale 22. Kabla hamjaingia kwenye umati, chagueni mahali pa kukutania mkipoteana na saa ya kukutana, kwa sababu simu zitagoma. "Karibu na basilika" si mahali, watu laki kadhaa wako karibu na basilika. Sisi tulichagua mti mmoja nyuma ya mabomba ya maji, na tuliuhitaji mara mbili. Chukueni kidumu kidogo cha maji ya ziwa la Namugongo kwa ajili ya wagonjwa nyumbani, na kama miguu inaruhusu, tembeleeni pia eneo la Waanglikana, si mbali.

Tiketi ya basi la kurudi ikatwe kabla ya tarehe 3. Sisi tulikata mapema, tukapata viti viwili vya dirishani upande wa kushoto, kidumu kikiwa kati ya miguu yangu. Njia ya siku tisa ikapita kwa saa chache. Mukono, Mabira, daraja la Nile. Tulipoingia Iganga nilikuwa nasinzia, naye akanigusa mkono kunionyesha bati jekundu la ule ukumbi. "Mama Nekesa," akasema, "pale ndipo nilipovua kiatu." Kisha akainua mguu wa kulia kidogo, akanionyesha kovu bila mimi kuuliza.