Maswali yenu: kazi, saumu na fimbo kwa mwenye selimundu

Safari hii maswali yote ni ya watu wazima wanaoishi na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu.

Mimi ni fundi cherehani. Kila zikija oda za harusi naugua, nguo zinachelewa, wateja wananikimbia. Niache ushonaji? (Tanga)

Usiache, dada. Badili namna ya kupokea kazi. Msimu wa harusi unalala kidogo, hunywi maji ili usinyanyuke kwenda msalani, na feni inakupuliza ukiwa na jasho. Mwili ukikauka, chembe nyekundu hujikunja zaidi na kuziba mishipa midogo. Baridi nayo huibana mishipa hiyohiyo. Asubuhi jaza chupa mbili za lita moja na nusu: ya kwanza iishe kabla ya adhuhuri, ya pili kabla ya magharibi, ila kama daktari amekupimia kiasi kingine. Feni igeuzie ukutani.

Mteja mpe tarehe yenye siku tatu za akiba, na uchukue malipo ya awali. Vitambaa kata siku unayojisikia vizuri, maana kukata ni kusimama na kuinama. Vifungo na pindo hata siku ya unyonge utafanya umekaa. Kama magoti yameanza kulalamika, cherehani ya miguu ifungie mota.

Mifupa ikianza kuuma, acha kazi hapohapo. Kunywa maji, jifunike, kanda kwa kitambaa cha moto (barafu hapana), meza parasetamoli gramu 1, isizidi mara 4 kwa saa 24. Ukipata homa, kifua kikiuma au pumzi ikikatika, nenda hospitali usiku huohuo. Wanaokuambia "jikaze" hawatakulipia kitanda.

Ramadhani nikifunga siku mbili tatu naanguka. Nisipofunga naona haya nyumbani. (Unguja)

Figo za mwenye selimundu hushindwa kubakiza maji mwilini, mkojo huwa mwingi na mwepesi, ndiyo maana unaamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa. Mwenzako akifunga, mwili wake huzuia maji. Wako unaendelea kuyamwaga. Daku nzito haitibu hilo. Mgonjwa ana ruhusa katika Al-Baqara, aya ya 184, na kwa maradhi yasiyotarajiwa kuisha hutolewa fidia: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Kiasi chake muulize sheikh wako, ukiwa umeshaongea na daktari. Tarawehe unaweza kuisali umekaa kwenye kiti.

Nina miaka 26. Kichwa cha mfupa wa nyonga ya kulia kimekufa, nimepewa fimbo, naishika kulia lakini bado inauma. Halafu watu wananikodolea macho. (Nakuru)

Ishike kushoto, kaka. Wengi hukosea hapa kwa sababu mkono hukimbilia panapouma. Ukisimamia mguu wa kulia, misuli ya nyonga hiyo huvuta kwa nguvu ili kiuno kisiinamie kushoto, na mvuto huo ndio unaokiminya kichwa cha mfupa. Fimbo ikiwa kushoto hubeba sehemu ya kazi hiyo. Iende mbele pamoja na mguu wa kulia, zitue kwa wakati mmoja.

Urefu upime ukiwa umevaa viatu unavyotembelea, mkono ukining'inia: mshikio ulingane na kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu, bega litapanda na shingo itauma. Ikiwa fupi, utainama. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia fimbo na mguu mgonjwa. Kagua mpira wa chini. Ukishalika ukawa laini huteleza kwenye vigae vyenye maji. Macho ya watu hatuna dawa yake, ila anayetembea na fimbo hufika sokoni na kurudi, na anayeificha mlangoni huishia kutuma watoto.

Natumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, wiki ya tatu na maumivu yamerudi. Niache? (Mwanza)

Hapana. Si dawa ya kutuliza maumivu. Hupandisha himoglobini ya utotoni (ile anayozaliwa nayo mtoto, inayozuia chembe kujikunja), na hilo huchukua miezi. Meza kila siku saa ileile. Ukisahau, ruka, usimeze mbili kwa pamoja. Kipimo cha damu usikikose, kwani dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Kama mnapanga mtoto, wewe mke au mume, mwone daktari kabla ya kuanza kujaribu.