Bwindi bila kibali cha gorila: pita korongo la mto Munyaga

Dada, umeuliza kama kuna maana kufunga safari kutoka Bukoba mpaka Bwindi, ile hifadhi ya msitu kusini magharibi mwa Uganda, wakati kibali cha kwenda kuona gorila hukimudu. Maana ipo, tena kubwa. Mimi naishi Mbarara, nimeshapita njia ya maporomoko ya Buhoma, upande mmoja wa kuingilia hifadhi, inayofuata mto Munyaga, mara nne, na gorila sijamwona hata mmoja.

Mwanzoni njia ni ya kawaida tu. Kisha bonde linabana, jua linapotea, na kila kitu kinavaa kijani: mawe, magogo, hata vijiti vyembamba juu ya kichwa chako. Hiyo ni kuvumwani. Haina mizizi ya kunyonya maji ardhini, inakunywa mvua na ukungu kwa vijani vyake. Gusa taratibu kwa kidole uone maji yanavyochuruzika. Lakini usiibandue, nakuomba sana! Niliwahi kuona gogo watu wamelichuna ili wapige picha, na nilipopita tena mwaka uliofuata bado lilikuwa na kidonda.

Halafu makangaga. Yapo ya miti kabisa, shina refu kama la mnazi mchanga na mwavuli wa majani juu. Jani changa hujikunja kama mkia wa kinyonga. Geuza jani kubwa uangalie mgongoni: zile nukta za kahawia si ugonjwa, ndimo mnamotoka vumbi la uzazi, maana kangaga halitoi ua wala mbegu. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa na askari wa hifadhi nilichuchumaa pale mpaka wenzangu wakanifuata.

Maporomoko ni matatu, la juu kabisa linafika mita 33. Mazuri, ila mimi ningekwambia usiyakimbilie.

Wengi watakushauri Juni hadi Agosti kwa sababu njia ni kavu. Mimi napenda mwishoni mwa Mei, mvua ikiwa inaaga na korongo limeshiba. Vaa gambuti, si raba: mimi raba zilinitelezesha nikateguka kifundo, tukachukua saa mbili kurudi. Ingiza suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Kuingia bila kiongozi wa hifadhi hairuhusiwi, kwa hiyo fika Buhoma asubuhi na mapema, na umwambie tangu mwanzo kwamba unataka kwenda polepole.