Maswali ya Wasomaji: Kalibu za Kuta za Udongo wa Kushindilia

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa udongo wa kushindilia. Udongo umepimwa na unafaa, na msingi wa mawe tutauanza mvua zikiisha. Fundi seremala anataka vipimo vya kalibu, yaani mbao za pande mbili ambazo udongo hushindiliwa katikati yake. Je, tutengeneze kalibu ya kuizunguka nyumba nzima ili kuta zipande pamoja, au ndogo ya kuhamisha?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Tengenezeni ndogo ya kuhamisha. Kalibu ya kuizunguka nyumba nzima hula mbao nyingi, na mbao hizo hukaa juani zikijikunja huku zikisubiri udongo. Lakini kabla seremala hajakata ubao wowote, irudieni ramani, kwa sababu katika ujenzi huu ni nyumba inayofuata kipimo cha kalibu. Plaiwudi moja ya milimita 18, yenye mita 2.44 kwa 1.22, ikipasuliwa kwa urefu wake hutoa pande mbili za kalibu zenye kimo cha sentimita 61. Basi pangeni vipande vya ukuta viwe vya mita 2.4 au nusu yake, nanyi hamtapoteza mbao wala siku za kukatakata.

Unene uwe sentimita 40. Wapo wanaojenga kwa 30, lakini fundi anayesimama ndani ya kalibu na kishindilio cha kilo saba anahitaji mahali pa kuweka miguu. Ukingo wa chini wa kalibu uushike ukuta uliokwisha kujengwa kwa sentimita 10, ili kila mpando, yaani kila kalibu inapojazwa na kupandishwa, uongeze nusu mita. Mipando mitano itawafikisha mita 2.5, yaani usawa wa lenta, mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Udongo uliomwagwa kwa kina cha sentimita 15 hushuka hadi 10 hivi ukishindiliwa vizuri, na mlio wa kishindilio hubadilika kutoka mzito hadi mkavu. Kwa hesabu hiyo, kalibu moja iliyojaa hubeba karibu tani moja ya udongo, na kabla ya kushindiliwa mtahitaji kuchota takriban mita za ujazo 0.7. Ndiyo maana kalibu mbili zinatosha: kinachochelewesha kazi ni ndoo na mabega ya watu.

Kuhusu madirisha, watu wengi huweka kasha la mbao ndani ya kalibu na kushindilia juu yake. Njia hiyo inawezekana, ila kasha lisipokazwa ndani hupondeka, na likikazwa sana halitoki. Kwa maoni yangu ni afadhali kuta ziwe vipande vinavyojitegemea kutoka msingi hadi lenta, na nafasi kati ya vipande ndiyo iwe mlango au dirisha. Chini ya dirisha mtajaza kwa tofali baadaye.

SWALI: Ukuta wetu wa kwanza umetoka tumbo katikati, ingawa bolti zilikazwa na timazi (uzi wenye uzito wa kupima wima) ilikuwa sawa tulipoanza. Kosa liko wapi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Inaelekea kalibu yenu imeundwa kama ya zege. Zege bichi husukuma mbao kwa uzito wake, kisha huganda na msukumo huisha; udongo husukuma upya kwa kila pigo la kishindilio, na msukumo wa tabaka la chini unabaki pale pale wakati tabaka la juu linapigwa. Plaiwudi peke yake haiwezi kuuhimili. Wekeni nyuma yake mbao za mbili kwa nne zilizosimama kila baada ya sentimita 60 au chini ya hapo, na kila jozi ifungwe kwa bolti mbili, moja chini na nyingine juu ya kalibu. Bolti ya chini ipite ndani ya kipande cha bomba la plastiki ili ichomoke kwa urahisi. Tundu litakalobaki huzibwa kwa udongo ule ule. Katika kuta za kale za Moroko matundu ya miti ya kalibu yaliachwa wazi, na hadi leo yanaonekana kwa mistari. Timazi nayo ipimwe tena baada ya kila tabaka, maana kalibu husogea kazini.

SWALI: Tusubiri siku ngapi kabla ya kufungua kalibu? Na je, tupake oili chafu ili udongo usishike?
Msomaji, Singida

JIBU: Msisubiri. Udongo ulioshindiliwa vizuri husimama wenyewe papo hapo, na kalibu hufunguliwa mara mpando unapokamilika. Legezeni nati, kisha telezesheni ubao kuufuata uso wa ukuta; mkiuvuta kwa nje utabandua uso wa udongo. Oili chafu huacha madoa na huzuia plasta kushika, kwa hiyo pakeni mafuta mepesi kidogo kwa kitambaa. Udongo unaoganda kwenye mbao mara nyingi una maji mengi: fanyeni tonge mkononi, liangusheni chini kutoka usawa wa bega, na likibaki donge moja, acheni udongo ukauke kidogo kabla ya kuendelea. Kwenye kona pigilieni ndani ya kalibu kipande cha mbao cha pembetatu, kwa kuwa ukingo mkali humeguka kalibu inapotolewa. Mkifika kwenye lenta msizitupe mbao. Kalibu hiyo hiyo itatumika kumimina zege lake.