Kasi ni sifuri, mchapuko si sifuri

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Tulipewa zoezi la chukudu (kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili cha kubebea mizigo) tupu iliyosukumwa mara moja kupanda mteremko kisha ikaachwa. Umbali wake kutoka chini ya mteremko, kwa mita, ni x = 6t − t², na t ni sekunde. Tuliulizwa mchapuko wake (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde) inapofika juu kabisa, yaani t = 3. Nilipata kasi sifuri. Nikatafuta derivativu (kiwango cha kubadilika kadiri wakati unavyokwenda) ya sifuri, nikapata sifuri, na jibu likakataliwa. Kitu kilichosimama kina mchapuko gani? (Mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, Goma)

JIBU: Mwanangu, kasi uliipata sawasawa, ulikosea kwa kuweka 3 mahali pa t mapema mno. Derivativu ya x ni v = 6 − 2t, na derivativu ya v ni a = −2. Fomula ya kasi inabeba mwendo wote, lakini ukishaweka namba unabaki na kasi ya nukta moja tu ya wakati, nayo haiwezi kukuonyesha jinsi kasi inavyobadilika; hata ungeweka t = 1 ukapata 4, derivativu ya 4 ingekuwa sifuri vilevile. Tafuta derivativu kwanza, ndipo uweke namba.

Isogelee hiyo sekunde ya tatu. Kwenye sekunde 2.9 kasi ni mita 0.2 kwa sekunde, chukudu ingali inapanda, kwenye 3.1 kasi ni −0.2, imekwisha kuanza kurudi. Katika sekunde 0.2 kasi imebadilika kwa −0.4, na −0.4 ukigawa kwa 0.2 unapata −2. Kama mchapuko ungekuwa sifuri na kubaki sifuri, chukudu ingekaa pale juu yenyewe, wala mwenyewe asingehitaji kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Jihadhari pia na alama ya kutoa, kwa sababu wengi huisoma kuwa ni kupunguza mwendo. Baada ya sekunde ya tatu kasi na mchapuko vyote ni hasi, kwa hiyo chukudu inazidi kukimbia kuelekea chini, hadi t = 6 inaporudi ilikoanzia kwa kasi ya −6. Zoezi lenu limeuacha msuguano. Ungekuwepo, ungeongeza ukubwa wa mchapuko wakati wa kupanda na kuupunguza wakati wa kushuka.