Kid A haikukataliwa ilipotoka
Si kweli kwamba wasikilizaji waliikataa Kid A, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Radiohead, ilipotoka Oktoba 2000, kwani ilifika kileleni mwa chati za albamu za Uingereza na Marekani ingawa bendi haikutoa singo hata moja ya kuitangaza. Waliogawanyika vikali ni wahakiki, hasa wa Uingereza, ambao baadhi yao hawakustahimili kusikia magitaa ya albamu iliyotangulia, OK Computer (1997), yakipisha kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke iliyokatwakatwa, tena tangu wimbo wa kwanza. Hata hivyo, mauzo ya mwanzo hupima hamu kuliko ridhaa. Wapo walioinunua wakitarajia magitaa, na sidhani kama wote wamekwisha kuizoea.